Tupeane uzoefu: katika ofisi yenu ya mawakili, nani hupewa faili gani?

MamaMafaili (Mbeya)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Poleni na baridi, leo asubuhi hapa Forest hata kalamu iligoma kuandika.

Wasomi, makarani, makatibu muhtasi, wahudumu, naomba tuzungumze kuhusu ubaguzi kazini, uwe wa jinsia, dini, kabila au ulemavu. Ofisi zetu huku Nyanda za Juu Kusini zinapenda kusema "sisi hatubagui mtu". Kwenye kuajiri, mara nyingi ni kweli. Mimi sikubaguliwa kuajiriwa. Nilikula kiapo mbele ya Jaji Mkuu, nikarudi nyumbani, na ofisi moja ya hapa mjini ikanipokea kwa soda na keki. Tulikuwa mawakili tisa, wanawake wawili.

Kasheshe lilikuwa kwenye kabati la mafaili. Mirathi, langu. Talaka, langu. Matunzo ya mtoto, langu. Viapo vya watu waliopoteza vyeti, langu na dada mwenzangu. Ikija kesi ya mgodi Chunya, mgogoro wa mashamba Mbarali, benki inadai mkopo, au mzigo uliokwama Tunduma, hilo linapita mbele ya meza yangu kama basi lililojaa. Ukiuliza, jibu ni la upole kabisa: "Chunya ni mbali, wewe una mtoto mdogo." Au: "Wale wateja wa dhahabu ni watu wa fujo, hawatakusikiliza." Mteja mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Sidharau mirathi, msinielewe vibaya. Kuna wajane wameokoa nyumba zao kwa mirathi iliyosimamiwa vizuri. Lakini ada ya mirathi na ada ya mgodi hazikai kapu moja, na mwisho wa mwaka anayepanda kuwa mbia, yaani mmoja wa wenye ofisi, ni aliyeleta fedha. Ndivyo mtu anavyobaki nyuma miaka sita na hakuna aliyemtukana hata siku moja.

Basi nikanunua daftari. Miezi mitatu nikawa naandika kila faili jipya lililoingia na aliyepewa. Sikumwambia mtu. Ukurasa wetu sisi wawili haukufika nusu. Wa wanaume ulipindua upande wa pili. Nikampelekea mbia mkongwe, mzee ninayemheshimu sana, aliyenifundisha kusimama mbele ya jaji. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani nakuhurumia."

Siku hizi mafaili hugawiwa Jumatatu kwa zamu na karani mkuu, na anayetaka kuruka zamu ya mtu anaandika sababu kwenye jalada. Faili langu la kwanza la Chunya lilikuja hivyo. Yule mteja "wa fujo" alinipokea na gari lenye vumbi hadi kwenye kioo cha mbele, akaniuliza swali moja tu: leseni yake ya uchimbaji mdogo inaweza kuhamishwa au haiwezi? Nikamjibu. Tukaenda kula ugali.

Sitawadanganya, zamu inavuja. Kuna simu za usiku kutoka kwa wateja wakubwa, faili linafika asubuhi likiwa na mwenyewe tayari. Hilo bado tunapigana nalo.

Karibuni, kila mtu na la kwake. Majina ya ofisi tuyaache nyumbani.

Karani_Sokomatola

Ndaga fijo dada kwa kufungua mada. Mimi karani, kazi yangu masijala na kusambaza hati za wito. Ni Mwislamu, ofisini tuko wawili. Kwetu Jumatatu inaanza kwa sala na pambio, na sina ugomvi nalo, nasimama kwa heshima. Shida ilikuwa Ijumaa. Kikao cha wiki kilipangwa saa saba mchana. Yaani saa ileile ya swala. Miaka miwili nikawa nachelewa kikao, naonekana mtoro, na kazi ngumu zinagawiwa sipo.

Aliyenisemea ni Msabato mmoja, katibu muhtasi wetu, kwa sababu naye alikuwa anasumbuliwa na zamu za Jumamosi. Tulikwenda pamoja kwa bosi. Kikao kikahamia Alhamisi saa tatu. Ilichukua dakika tano, wakuu. Miaka miwili ya kuonekana mtoro, dakika tano.

Mzee_wa_Joho

Wakili msomi MamaMafaili, kwa heshima zote, haya ni mambo ya wafadhili. Ofisi ni biashara. Mteja ndiye analipa, akitaka mwanamume apewe mwanamume. Na hizo habari za dini na ulemavu na kabila, sisi watu wa Mbeya tuna utani wetu, tumeishi hivyo tangu zamani. Msituletee sheria za kigeni ofisini.

MamaMafaili

Mzee wangu, shikamoo. Sheria ya kigeni ipi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, imetungwa na Bunge letu Dodoma. Inakataza ubaguzi kwa jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa na mengine. Tena inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza usawa kazini. Mipango hiyo tunawaandikia wateja wetu na kuwatoza ada. Ya kwetu iko wapi? Mimi wa kwanza, yetu haikuwepo.

Na kuhusu mteja kumkubali wakili mwanamke: mama Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria wa nchi hii 1975. Wengi humu tulikuwa hatujazaliwa.

Magongo_Mawili

Mimi ni wakili, natembea kwa magongo tangu utotoni. Nilifanya usaili ofisi moja iliyo ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Nilipanda. Nilifika jasho linatiririka, nikajibu maswali yote vizuri, najua kwa sababu walitikisa vichwa. Wiki iliyofuata wakanipigia: "Tungekuchukua kaka, ila tunakuonea huruma na zile ngazi." Huruma tena, kama ya mbia wa dada.

Kuna watu wakisikia haya hukimbilia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, ile ya asilimia 3 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu. Isomeni vizuri: inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Ofisi ngapi za mawakili kuanzia Tunduma hadi Iringa zinafika 20? Kwetu huku mtu anaajiri wanne, mhudumu ni binamu yake. Kwa hiyo asilimia haijawahi kunisaidia chochote.

Kilichonisaidia ni mama mmoja wakili mwenye ofisi ya chini, karibu na mahakama. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani mwanzo, akakodi chumba cha chini kwa ajili yangu na cha kuonana na wateja. Mwezi wa pili tukaanza kuona bibi zetu wa Rungwe na Isangati, wenye kesi za ardhi, wanaingia wenyewe. Zamani walikuwa wanaketi chini barazani, mjukuu anapanda kuwasemea. Wanasimulia kesi yao wenyewe sasa, na mara nyingi haifanani na ile ya mjukuu.

Msukuma_Iringa

Mimi nitasema la kabila kwa sababu Mzee_wa_Joho kaligusa. Nipo Iringa mwaka wa nne. Utani naupenda, nikiingia ofisini wananiuliza ng'ombe nimewaacha wapi, nami nawajibu. "Kamwene" naitikia vizuri tu. Ila kuna siku tuko kwenye kikao cha maandalizi ya kesi, mimi ndiye nitasimama mahakamani kesho, na wazee wakahamia Kihehe kwa dakika ishirini. Walipomaliza wakaniambia, "Kwa hiyo tumekubaliana hivyo." Hivyo vipi?

Mteja mzee akija na Kihehe chake, hapo namshukuru Mungu kuna wenzangu wanaokijua. Naongelea kikao.

Dogo_Makete

Shikamooni. Mimi bado mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Fildi nilifanya ofisi moja, tulikuwa wanne. Wawili watoto wa rafiki za bosi, mmoja mpwa wake. Hao walibeba majoho na kwenda Mahakama Kuu. Mimi nilikabidhiwa fotokopi. Leo naweza kufungua mashine ile hadi rola ya ndani, ila hati ya madai nimeitunga mara moja tu.

Na Kiingereza. Nimesoma shule ya kata. Siku moja nilikosea neno mbele ya mteja, wakacheka, mteja naye akacheka, halafu yeye mwenyewe akaendelea kwa Kiswahili! Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwenye usaili bado tunapimwa kwa lafudhi.

Bi_Zamu

Fupi tu, nanyonyesha hapa nikiandika. Likizo ya uzazi siku 84, hiyo ofisi zinaijua. Zile hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ukirudi kazini, mawakili wenzangu walinishangaa kana kwamba nimezitunga mimi. Nilichapa kifungu cha 33 cha hiyohiyo Sheria ya Ajira, nikabandika jikoni juu ya birika.

Karani_Sokomatola

Dada MamaMafaili, nina swali. Ile daftari uliigawa vipi? Nataka kuanza yangu, huku masijala nyaraka zote zinapita mkononi mwangu.

MamaMafaili

Safu nne, kaka. Tarehe, aina ya faili, aliyepewa, na nani aliamua apewe. Mzee alivua miwani alipofika safu ya nne. Jina lake lilijirudia ukurasa mzima.