Tupeane uzoefu: waliowahi kununua fulu fremu ya zamani, ilikuwaje?

Kijana wa Tegeta
Habari zenu wakuu. Kuna jamaa anahama nchi, anauza vitu vyake, na kati ya hivyo ipo Canon 6D, fulu fremu (sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, ni kubwa kama fremu ya filamu ya zamani), bodi tupu bila lenzi. Anataka laki nane na nusu, maongezi yapo. Mimi natumia kamera ya kropu, yenye sensa ndogo, zile za kuanzia, na lenzi yake ya 18-55 pamoja na fifty (lenzi ya milimita 50) ya 1.8. Kazi zangu ni sendofu, kicheni pati, ubarikio, na mahafali msimu wake ukifika. Kumbi zetu mnazijua: taa za zambarau, MC anataka giza, bibi harusi anaingia hujui uweke ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ngapi. Nikiongeza hela kidogo napata kamera mpya ya kropu yenye garantii. Hii 6D ilitangazwa 2012, ina megapikseli 20. Mliopita njia hii nipeni ukweli kabla sijatoa hela.

Mama wa Lenzi
Chukua. Pointi ya katikati ya 6D inashika fokasi mahali ambapo macho yako yenyewe yanahangaika. Canon wenyewe wameandika EV -3, yaani mwanga wa mbalamwezi. Zile kumi za pembeni usizitegemee ukumbini. Lakini mdogo wangu, hiyo 18-55 yako ni EF-S, lenzi za Canon za kropu tu, haiingii kwenye 6D. Fifty inaingia, ila ujue itaonekana pana zaidi kuliko ulivyoizoea, kwa sababu kwenye kropu ilikuwa inakupa mwonekano wa 80. Kwa hiyo usihesabu laki nane na nusu, hesabu na lenzi.

Kijana wa Tegeta
Haiingii kabisa??

Mama wa Lenzi
Haiingii. Na usilazimishe, kioo kitagonga lenzi.

Nikon Daima
Hayo ndiyo mateso ya huko Canon. Nikon lenzi ya DX, yaani ya kropu, unaiweka kwenye fulu fremu bila ugomvi. Natumia D700 ya 2008 hadi leo, pointi za fokasi 51. Canon 5D Mark II ya mwaka huohuo ina pointi 9.

Canon Iringa
Inaingia lakini inakata picha. D700 ina megapikseli 12, ukiweka DX unabaki na tano. Mteja akitaka picha ya ukutani utampa nini? Na haina video. Mark II ndiyo iliyowafungulia watu njia ya kupiga sinema kwa kamera ya picha. Mwaka 2010 tamthilia kubwa ya Marekani ilipigwa kipindi kizima kwa Mark II.

Nikon Daima
Aliyeuliza ametaja video wapi? Soma kwanza. Na megapikseli 12 zinatoa A3 safi, nimechapa nyingi tu.

Canon Iringa
Kila anayemiliki D700 anasema hivyohivyo.

Bibi Sendofu
Mwacheni mtoto asaidiwe jamani.

Mzee wa Moshi
Nimesoma hapo juu "kabla sijatoa hela" nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa sitaki kukizungumza. Aina ya kamera sitaitaja, kwa sababu tatizo halikuwa la aliyeitengeneza.

Nilinunua bodi ya fulu fremu iliyotumika, kwa mtu niliyeletwa kwake na winga. Nje ilikuwa inang'aa, raba mpya, boksi lake lipo. Akaniambia shata (pazia la ndani linalofunguka kila ukipiga picha) imepiga elfu ishirini tu, ilikuwa ya ofisi, haitoki kabatini. Nikafanya nayo kazi ndogondogo, picha zikatoka nzuri kiasi kwamba wateja wa zamani waliuliza nimebadilisha nini. Ikaja harusi ya Moshi. Kanisa la mawe, madirisha ya vioo vya rangi, ndani giza mchana kweupe. Hapo ndipo nilipofurahia uamuzi wangu, ISO 3200 na ngozi za watu bado zina rangi yake.

Baba anamleta binti, nikapiga mfululizo. Wanafika mbele. Mchungaji anaanza viapo. Mlio ukabadilika. Badala ya ule mlio mkavu, nikasikia kitu kinakwaruza. Nikaangalia picha ya mwisho: nusu ya chini nyeusi tii. Nikapiga nyingine, nyeusi yote. Nikazima, nikatoa betri, nikarudisha, ikaandika kosa. Mchungaji ameshashika pete. Watu wa mbele wananiangalia mimi badala ya maharusi, na mama yake bibi harusi amenikazia macho ya "tumekulipa".

Msaidizi wangu alikuwa nje na wapiga matarumbeta, shingoni ana kikropu changu cha zamani. Sikuweza kuita kanisani. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikamvua kamera shingoni bila kusema neno, nikarudi. Pete ya bwana nimeipata. Ya bibi nimeipata kidole kikiwa kimeshaingia nusu.

Fundi alipoifungua, majani ya shata yamechanika. Akaisoma kwenye kompyuta: ilikuwa imepiga zaidi ya mara mbili ya kiwango ambacho shata ile imetengenezewa. Elfu ishirini! Yule mtu simu haikupokelewa tena, na winga akasema yeye alitambulisha tu.

Bibi Sendofu
Jamani nimeshika kifua. Familia ilisemaje?

Canon Iringa
Pole sana mkuu. Ndiyo maana nasema bodi yenye sehemu mbili za kadi ni lazima kwa harusi. 6D ina moja tu. Ongeza hela upate 5D Mark III, ina tundu la kadi ya CF na la kadi ya SD.

Nikon Daima
Kadi mbili zingemsaidia nini wakati shata imekufa? Kilichomwokoa ni bodi ya pili.

Canon Iringa
Nazungumzia kadi kuharibika, siyo shata.

Nikon Daima
Basi liseme peke yake, usilibandike kwenye msiba wa mtu.

Mzee wa Moshi
Familia niliwaambia ukweli siku ileile jioni. Wakataka kuona picha kwanza. Ya pete waliyoichapa kubwa ni ya kikropu, ipo sebuleni kwao. Fundi aliweka shata nyingine na kamera inafanya kazi hadi leo, kwa hiyo kijana sikukatazi fulu fremu. Nakukataza neno la muuzaji.

Mlinda Twiga Arusha
Sisi wa mbugani tunaona tofauti. Lenzi ya 300 kwenye kropu ya Canon inakupa mwonekano wa 480, kwenye fulu fremu inabaki 300 na simba yuko mbali vilevile. Kama una ndoto ya kuanza safari, usiuze hiyo kropu.

Mlio wa Shata 254
Huku Nairobi wengi wametoka Mark II wakaenda Sony a7 ya kwanza, ile ya 2013, kwa sababu haina kioo na ni nyepesi. Sensa ni ya ukubwa uleule wa fulu fremu. Betri ndiyo shida, ni ndogo. Harusi moja unabeba nyingi mfukoni. Betri ya 6D, LP-E6, inakaa siku nzima. Mimi ningechukua 6D.

Fundi Jicho
Nunua mpya yenye garantii, uondokane na presha.

Mama wa Lenzi
Mpya ya bei hiyo inakuja na lenzi ya f/5.6 ukiizungusha mwisho, yaani inaingiza mwanga kidogo (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unapungua). Kwenye taa za zambarau hiyo garantii haikusaidii.

Fundi Kona
Kiwango cha shata: 6D laki moja, Mark II na Mark III laki moja na nusu. Zipo zinazovuka, zipo zinazokufa kabla. Nikon inaandika hesabu ndani ya picha yenyewe, unaisoma kwa urahisi. Canon hizi haziandiki, unachomeka waya wa USB na kusoma kwa programu kwenye laptop. Muuzaji akikataa laptop, ondoka.

Halafu: lenzi iweke f/16, piga anga jeupe, madoa ya sensa yataonekana. Funika lenzi, piga sekunde 30, uone nukta za rangi. Piga 1/4000 mfululizo uangalie kama kuna mstari mweusi juu au chini. Za CF, mulika tochi tunduni uone kama kuna pini iliyopinda. Atakayekuletea D600, aulize kama shata ilibadilishwa. Mafuta yalikuwa yanarukia sensa hadi Nikon wakatoa tangazo la kubadilisha bure mwaka 2014.

Upepo wa Tanga
Na sisi wa pwani, ukungu ndani ya lenzi. Unaona nyuzinyuzi kama utando ukimulika. Bodi utabadilisha, lenzi yenye ukungu inaweza kuambukiza wenzake begini. Weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usifungie kamera kwenye begi lenye jasho la jana.

Kijana wa Tegeta
Nashukuru wote, nasoma kila mmoja. Nimeongea na jamaa, kumbe ana na 24-105 f/4, anaongeza laki nne. Kropu siuzi, itakuwa bodi ya pili.

Mama wa Lenzi
Sasa hapo umeongea. Mwombe iwe laki tatu na nusu.

Nikon Daima
f/4 ukumbini? Chukua bodi, hela ya 24-105 nunua flashi.

Bibi Sendofu
Flashi kwenye viapo mchungaji atakutoa nje.

Fundi Kona
24-105 ya kwanza ina waya bapa ndani unaochoka kwa kuzungushwa miaka mingi. Weka f/8, zungusha kutoka 24 hadi 105 ukipiga kila hatua. Ikitoa kosa hata mara moja, iache.

Kijana wa Tegeta
Tunakutana Jumamosi Mwenge, saa nne asubuhi. Mwenye laptop yenye hiyo programu anisindikize, nauli na supu juu yangu.

Fundi Kona
Nipo Makumbusho, nitakuja. Waya wa USB ninao. Mwambie achaji betri kabla hatujafika, na uje na kadi yako.