Korodani zikishaondolewa: dawa zipi zinaachwa, na estrojeni inaendelea mpaka lini?

swali_la_jioni
Habari zenu. Naomba ufafanuzi kwa wanaolijua jambo hili. Mwanamke aliyebadili jinsia akishaondolewa korodani, awe ametengenezewa uke au la, anaacha dawa zipi na anabaki na zipi? Tuchukue mtu wa miaka 34 anayemeza estradioli (aina ya estrojeni, homoni ya kike) miligramu 4 na spironolaktoni miligramu 200 kwa siku. Je, estrojeni ina mwisho?

mfupa_imara
Spironolaktoni inaachwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia testosteroni, homoni ya kiume, na kiwanda kikuu cha homoni hiyo, yaani korodani, hakipo tena. Tezi zilizo juu ya figo bado hutoa androjeni (homoni za kiume), lakini ni kidogo. Angalizo moja: dawa hiyo hushusha pia shinikizo la damu. Mwenye tatizo la presha apime mara kwa mara wiki za mwanzo baada ya kuiacha, kwa kuwa inaweza kupanda.

Anayetumia siproteroni, dawa nyingine ya kuzuia testosteroni, naye anaiacha, na asiiendeleze "kwa usalama", maana kuitumia kwa wingi na kwa miaka mingi huongeza hatari ya uvimbe kwenye utando wa ubongo. Ila aliyekuwa kwenye miligramu 50 au zaidi kwa siku kwa muda mrefu apunguziwe na daktari hatua kwa hatua. Dozi kubwa hulaza tezi za juu ya figo, na kuikata ghafla kunaweza kuleta uchovu mkali na kizunguzungu.

Estradioli haiachwi. Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa kudhani upasuaji umemaliza kila kitu. Mwili usio na korodani wala ovari hauna chanzo cha maana cha homoni hizi. Ndani ya wiki chache huja joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu na moyo kuwa mzito. Hayo angalau mtu anayaona. Mifupa hupungua kimyakimya, na huenda dalili ya kwanza ikawa kuvunjika nyonga au pingili ya mgongo.

Kuongeza dozi baada ya upasuaji hakuhitajiki. Miongozo hutaja vidonge vya miligramu 2 hadi 6 kwa siku, na wengine hutosheka na dozi ndogo kuliko ya awali kwa sababu estradioli haibebi tena mzigo wa kukandamiza testosteroni. Na tafadhali, vidonge vya uzazi wa mpango visitumike kama mbadala. Vingi vina ethinilestradioli, estrojeni ya kutengenezwa ambayo huongeza sana hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

swali_la_jioni
Asante sana. Na kwenye vipimo atazame nini? Majibu ya maabara mbili yanaweza kutofautiana kabisa.

sampuli_safi
Anza na kizio. Pikogramu 150 kwa mililita ni sawa na pikomoli 550 hivi kwa lita. Unazidisha kwa 3.67. Mtu akiona 550 akadhani ni pikogramu, atapunguza dozi bure.

Lengo la kawaida la estradioli ni pikogramu 100 hadi 200 kwa mililita. Testosteroni iwe chini ya nanogramu 50 kwa desilita, na baada ya upasuaji huwa chini ya hapo kwa urahisi. Ikibaki juu, tafuta sababu, usirudishe spironolaktoni kwanza. LH na FSH, homoni za tezi iliyo chini ya ubongo zinazoamrisha korodani au ovari, nazo zina maana: zikiwa juu sana, mara nyingi estrojeni haitoshi au dozi zinarukwa.

Makosa mengi yako kwenye uchukuaji wa damu. Anayechoma sindano apimwe katikati ya sindano mbili. Siku moja baada ya kuchoma utaona kilele tu. Anayepaka jeli asitolewe damu kwenye mkono anaoupaka. Kidonge cha kuyeyusha chini ya ulimi hupandisha kiwango kwa saa chache kisha kinashuka, kwa hiyo andika saa ya dozi ya mwisho. Biotini, vitamini inayomezwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine. Isitishwe siku mbili au zaidi kabla. Rifampisini (dawa ya kifua kikuu), fenitoini na kabamazepini (dawa za kifafa) huharakisha ini kuivunja estradioli, kwa hiyo kiwango kinaweza kushuka bila mgonjwa kukosea lolote.

Ratiba: kila miezi 3 mwaka wa kwanza, kisha mara 1 au 2 kwa mwaka.

mfupa_imara
Kuhusu mwisho: hakuna umri mmoja uliowekwa. Kwa mtu wa miaka 34 jibu ni endelea. Akikaribia 50 azungumze na daktari kuhusu kupunguza au kubaki, wakipima mifupa, moyo na historia ya kuganda damu. Kuanzia miaka 45 hivi, au mapema kwa mvutaji sigara, kibandiko au jeli ni bora kuliko kidonge, kwa kuwa haipiti kwanza kwenye ini.

Aliyekaa bila estrojeni kwa muda mrefu baada ya upasuaji apigwe picha ya kupima uzito wa mifupa mapema, asingoje miaka 60.

Tena, tezi dume haiondolewi kwenye upasuaji huu. Estrojeni hushusha PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kwa hiyo hata ikizidi 1 tu, daktari aichunguze, ingawa karatasi ya maabara itaandika "kawaida" mpaka 4. Mwambieni mpimaji kwamba mnatumia estrojeni kabla hajaisoma.