Msimu uliokatika: tutoe viwango vipya vya tenisi, au tungoje Nakuru na Kisumu zikutane kwanza?

Wadau wa tenisi kuanzia Nakuru hadi Busia, naomba tulijadili jambo hili waziwazi kabla halijaamuliwa na watu wachache. Msimu wa ligi yetu ya ridhaa umekatika vipande. Mvua za masika zililowesha viwanja, safari za Jumamosi zikafutwa moja baada ya nyingine, na mechi nyingi za mji kwa mji hazijachezwa mpaka leo. Sasa kuna pendekezo mezani kwamba viwango vipya vitolewe kama kawaida kwa kuhesabu zile mechi chache zilizochezwa. Mchezaji wa ngazi ya 3.5 anayestahili 4.0 apande, anayestahili kushuka ashuke, msimu ufungwe.

Mimi napinga, tena napinga kwa nguvu. Lakini sababu yangu si ile inayotajwa na wengi, kwamba mechi ni chache. Uchache wa mechi ni shida ndogo. Shida kubwa ni nani alicheza na nani.

Kwa wageni wa jambo hili: kipimo tunachotumia, NTRP, tumekiazima Marekani, kilikoanzishwa mwaka wa 1978. Ngazi zake hupanda kwa nusu nusu mpaka 7.0, na wengi wetu tunahangaika kati ya 3.0 na 4.0. Hesabu yenyewe hufanywa kwa sehemu za mia, ila mchezaji huonyeshwa nusu tu, kwa hiyo mwenye 3.01 na mwenye 3.50 wote huandikwa 3.5. Na hesabu haiangalii kushinda au kushindwa peke yake, inaangalia gemu. Ukitarajiwa kumfunga mtu 6-1, 6-1, kisha ukamfunga 6-4, 6-4, unaweza kutoka uwanjani umeshinda na alama yako imeshuka.

Maana yake ni kwamba alama hiyo haikupimi wewe peke yako. Inapima umbali kati yako na wale uliocheza nao, na umbali kati yao na wale waliocheza nao wao, mpaka mnyororo umfikie mtu wa mji mwingine ambaye hujawahi kumwona. Mnyororo huo ndio unaofanya 3.5 ya Nakuru na 3.5 ya Kisumu ziwe kitu kimoja. Ukikatika, kila mji unakuwa kisiwa.

Tuchukue mfano. Tuseme Nakuru kuna wachezaji wanane wa 3.5. Wanapata kocha mzuri, wanafanya mazoezi kwa bidii, wote wanapanda kwa kiasi kilekile. Lakini hawasafiri, wanachezana wenyewe kwa wenyewe. Matokeo yao yatakuwaje? 6-4, 4-6, 7-5, vilevile kama zamani. Kompyuta haioni mabadiliko yoyote, kwa sababu anachopata mmoja ndicho anachopoteza mwenzake. Wanane hao wanaweza kuwa wamefika 4.0 na karatasi ikaendelea kusema 3.5. Upande wa pili, kundi ambalo wenye makali wote wamehama au wameumia litaendelea kugawana alama zilezile hali kiwango cha kweli kimeshuka. Hata wakicheza mechi mia moja, hesabu haitajua. Ndiyo maana nasema idadi ya mechi si hoja. Mechi nne za kuvuka mji zina habari nyingi kuliko arobaini za nyumbani.

Haya tulishayaona wakati wa korona. Tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alizifunga Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru kama eneo moja, asiingie mtu wala asitoke, na michezo ikasimamishwa. Amri hiyo ilidumu mpaka mwanzo wa Mei. Nakuru ikafunguliwa, na haukupita muda mrefu ikawa zamu yetu: kuanzia tarehe 18 Juni kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na Magharibi, zikiwemo Kisumu, Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Kwa mchezaji wa ridhaa hiyo ni amri ya kuweka raketi kabatini. Anatoka kazini saa kumi na moja, anafika uwanjani jua linaelekea kuzama, na akili yote iko kwenye matatu ya kumrudisha nyumbani. Waliobaki wakicheza ni wenye mchana wao: wafanyabiashara wanaojipangia saa zao, wastaafu, walimu wakati wa likizo. Alama zao zilitembea. Za muuguzi na karani wa benki zilisimama palepale. Je, hapo tulikuwa tunapima tenisi au tunapima nani ana ruhusa ya kuondoka kazini saa tisa?

Kafyu iliondolewa Oktoba mwaka huohuo. Miji ilipoanza kutembeleana tena, nilikuwa nimekaa kando ya uwanja nikitazama mechi ya wawili wenye 3.5, mmoja wa bonde, upande wa Nakuru, mmoja wa ziwani. Kwa karatasi walikuwa sawa kabisa. Servisi ya pili ya yule wa bonde ilikuwa inaruka mpaka begani mwa mwenzake, na mwenzake alizoea mpira wa kiunoni. Seti ya kwanza 6-1, ya pili 6-0. Hakuna aliyedanganya pale, hakuna aliyeficha makali. Walikuwa wametoka kwenye visiwa viwili, basi.

Kuna jambo jingine ambalo hatulizungumzii vya kutosha. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, Kisumu 1,130 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, mpira unaruka kasi na mbali. Shirikisho la kimataifa la tenisi lina hata aina ya mpira wa kutumiwa sehemu zenye mwinuko unaozidi mita 1,219, kwa hiyo Kisumu iko chini ya mstari huo na Nakuru iko juu yake sana. Mchezaji wa ziwani akipanda Nakuru, mpira aliouzoea kuangukia ndani unatoka nje kwa hatua nzima. Msimu mzima bila kutembeleana maana yake hujapimwa katika mazingira ya mwenzako hata mara moja. Basi utaambiwaje uko sawa naye?

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, kwa sababu wenye hoja hizo ni watu wazima wanaoujua mchezo.

Nahodha mmoja wa Nakuru, ambaye namheshimu sana, anasema: "Mbona gofu haikupata shida hii? Hendikapu ziliendelea." Ni kweli, na jibu liko ndani ya swali. Tangu mwaka 2020 mfumo wa dunia wa hendikapu, yaani namba inayoonyesha kiwango cha mchezaji wa gofu, huchukua raundi zako 20 za mwisho na kuangalia 8 zilizo bora. Unashindana na uwanja, na uwanja una kipimo chake ambacho hakiugui wala hakihitaji nauli. Mchezaji wa gofu akicheza peke yake na msindikizaji wa kumtilia saini kadi, ameshapimwa. Kwenye tenisi kipimo chako ni binadamu mwenzako, naye akifungiwa mjini kwake umekosa kipimo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwamba kugandisha viwango kunawalinda waliolala na kuwanyima waliojituma. Mfano wake uko wazi. ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, iligandisha orodha yake ya viwango kuanzia Machi hadi Agosti 2020, na baadaye ikawaacha wachezaji wabaki na pointi za zamani. Roger Federer alicheza shindano moja tu mwaka huo, Australian Open, lakini akamaliza mwaka akiwa namba 5 duniani. Vijana walilalamika, na sitawalaumu. Lakini tutazame na upande wa wanawake: Ashleigh Barty aliacha kucheza Februari 2020, akakaa kwao Australia, akamaliza mwaka akiwa namba 1 bila kurudi uwanjani. Wakasema hastahili. Julai 2021 akachukua Wimbledon. Kukaa nje hakumaanishi umeshuka, na hakumaanishi hujashuka. Kunamaanisha hatujui, na mfumo wa haki ni ule unaokubali kwamba haujui.

Hesabu zenye busara hufanya hivyo. Mfumo wa Glicko, uliobuniwa na Mark Glickman kwa ajili ya sataranji, humpa kila mchezaji namba mbili: alama yake, na kiasi cha shaka juu ya alama hiyo. Usipocheza, alama inabaki lakini shaka inakua. Ukirudi, mechi zako za kwanza zinakusogeza haraka kwa sababu mfumo umekiri haukuamini sana. Sisi tungeweza kuanza na kitu rahisi kuliko hicho: nyota pembeni ya jina la kila ambaye hajavuka mji msimu huu.

Na Wamarekani wenyewe, wenye kipimo hiki, walifanya nini? Mwaka 2020 chama chao, USTA, hakikutoa viwango vya mwisho wa mwaka. Wachezaji walibaki na vya 2019, na mechi zilizochezwa 2020 hazikutupwa, zikabebwa mpaka hesabu ya 2021. Wana mamia ya maelfu ya wachezaji wa ligi, wana kompyuta, wana wataalamu wa takwimu, na bado waliona hawana msingi wa kumpandisha mtu wala kumshusha. Sisi wenye timu chache na daftari la nahodha tuna ujasiri gani wa kufanya walichokiogopa?

Tena kwetu kosa linauma zaidi. Kwenye jiji kubwa la kule, ukipandishwa 4.0 kimakosa utapata timu nyingine mtaa wa pili. Kuna dada yetu mmoja upande wa Kakamega, muuguzi anayecheza akitoka zamu ya usiku. Msimu huu mechi zake zote alicheza na wapinzani walewale wawili wa mjini kwake, mmoja akiwa ndiyo kwanza anarudi baada ya kujifungua. Aliwafunga kwa seti nyepesi. Kwa pendekezo lililopo, anapanda 4.0. Mji wake hauna timu ya wanawake ya 4.0. Iliyo karibu iko Kisumu, kilomita 50, na yeye ana zamu na watoto. Mkimpandisha mnamwondoa kwenye ligi, na timu yake ya 3.5, ambayo kila wiki inatafuta mtu wa nne kwa tochi, inavunjika. Wanawake wanaocheza ligi huku kwetu ni wachache mno. Hatuwezi kumpoteza hata mmoja kwa hesabu ya wapinzani wawili.

Nakiri kuna kundi moja ambalo kugandisha kunalidhulumu: wanaokutana na kijana ambaye karatasi inasema 3.0 lakini mwaka mzima amejifua ukutani na sasa anawachapa wenzake 6-0, 6-0. Huyo asingoje. Anayetaka kupanda kwa hiari apande leo, hakuna anayedhurika. Asiyetaka, na kila mtu anaona, abanwe kwa kanuni ambayo USTA wanayo tayari: akivuka mara tatu kiwango cha juu cha ngazi yake ndani ya msimu, anaondolewa kwenye ngazi hiyo. Lakini mara hizo tatu zihesabiwe dhidi ya wapinzani tofauti, na angalau moja iwe ya mji mwingine.

Na mechi za ushindi wa mezani, zisizochezwa, zisiguse kiwango cha mtu. Timu ikishindwa kusafiri kwa sababu barabara imekatika, mpewe pointi za ligi mkitaka, ila ushindi wa chee haujampima yeyote.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni viwango vibaki kama vilivyokuwa, matokeo yote ya msimu huu yahifadhiwe na kubebwa, na kabla ya mahesabu yoyote ya mwakani tuandae wikendi moja au mbili za kuunganisha miji. Kila timu itoe wachezaji wawili wa kila ngazi, wa katikati, wasiwe mabingwa wala wanaoburura mkia. Wacheze na wa miji mingine yote. Seti fupi za gemu nne zinatosha, maana tunachotafuta ni gemu ngapi mtu anapata kwa nani.

Ugumu ni mahali, na hapo nataka mawazo yenu. Nakuru hadi Kisumu ni kama kilomita 180, nauli si mchezo kwa vijana, na kila upande unataka mwenzake ndiye asafiri. Kericho iko njiani kwa wote, lakini iko juu kuliko hata Nakuru, na watu wa ziwani watasema, kwa haki kabisa, kwamba wanapimwa kwa hewa ya wenzao. Kucheza wikendi moja Kericho na nyingine Kisumu kungeondoa malalamiko hayo, ila kunaongeza gharama maradufu. Timu za Bungoma na Busia ndizo za mbali zaidi na sijasikia nahodha wao hata mmoja akisema. Mngependa ipi, na timu yenu inaweza kuchangia usafiri wa wangapi?