MREJESHO: Skii za sm 177 au 184, na baindingi zifungwe wapi

Wakuu, mwezi Desemba niliomba ushauri hapa. Nina urefu wa sm 178, kilo 84, naishi Innsbruck, Austria, na nilitaka jozi moja ya skii (mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) kwa njia zilizosawazishwa na kwa theluji isiyoguswa. Upana mm 102 chini ya buti nilishauamua. Urefu, sm 177 au 184, na mahali pa kufunga baindingi (vishikizo vya buti kwenye skii) ndivyo vilivyonitatiza.

Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema nichukue 184, kwa kuwa ncha ya mbele imeanza kupinda juu mapema, hivyo sehemu inayogusa theluji ngumu ni fupi kuliko namba inavyoonyesha. Ni kweli kabisa! Kule Axamer Lizum, eneo la skii karibu na Innsbruck, kwenye theluji ya magotini, zinaelea vizuri na hazitetereki nikiongeza kasi.

Kwenye baindingi ndipo mambo yalipokwama. Nilizifunga sm 2 mbele ya alama ya kiwandani (inayoonyesha katikati ya buti pakae wapi) kama wengine walivyoshauri. Kugeuka kukawa rahisi, ila kwenye theluji nzito ncha zilizama, nikaanguka mara mbili. Dada aliyesisitiza baindingi za reli, zinazosogezwa mbele na nyuma, ameniokoa: nimerudi kwenye alama bila kutoboa matundu mapya. Fundi alipima upya mgandamizo wa baindingi kwenye kisigino cha buti. Msiruke hatua hiyo, maana ukisogeza bila kupima, buti inaweza isifunguke unapoanguka.

Kwenye miti iliyobanana 184 bado zinanichosha, na asubuhi penye barafu zinatetemeka. Kama siku zako nyingi ni za msituni, chukua 177.