Mtafiti anayeketi kijiweni bila kujitambulisha: je, ana haki hiyo?

Naufungua mjadala huu kwa sababu kuna hoja inayorudiwa sana na wanafunzi wa sosholojia, na hata na baadhi ya walimu wao, kwamba anayechunguza maisha ya kila siku, yaani mazungumzo ya barazani, utani wa sokoni au namna abiria wanavyogombea siti za daladala, halazimiki kusema kuwa yeye ni mtafiti, kwa kuwa akishasema tu watu watabadilika, na atakachokiandika hakitakuwa maisha yao bali maonyesho waliyomwandalia. Naamini hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hitimisho lake ni baya.

Ukweli wake naujua kwa kuwa nimekuwa mtafiti msaidizi. Ukibisha hodi ukiwa na dodoso mkononi, mkeka mpya unatandikwa, watoto wanaambiwa wakacheze nje, na mwenye nyumba anajibu kile anachodhani watu wa mradi wanataka kukisikia: milo mitatu kwa siku, chandarua kwenye kila kitanda. Jioni mtu huyohuyo, akiwa kijiweni na kikombe chake cha kahawa na kipande cha kashata, anasema mambo mengine kabisa. Kwa hiyo siwalaumu wanaoliacha dodoso na kwenda kuketi na watu. Ninalolikataa ni kuketi nao kwa kujificha.

Watetezi wa kujificha hupenda kumtaja mwanasosholojia Erving Goffman, ambaye kati ya 1955 na 1956 alikaa takriban mwaka mzima katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths jijini Washington, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Alipewa cheo cha msaidizi wa mkuu wa michezo, akashinda na wagonjwa, na kazi iliyotokana na mwaka huo ilibadilisha namna watu wanavyozitazama taasisi za aina hiyo. Faida yake siikani. Lakini tuulize ni nani aliyeambiwa na ni nani aliyefichwa. Wakuu wa hospitali walijua anachokifanya, wagonjwa hawakujua. Aliyeweza kumfukuza alipewa taarifa, na asiyeweza hata kutoka getini hakupewa.

Kwetu mambo hayako mbali na hapo. Mtafiti anayefika Tanzania huomba kibali COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua yake ya utambulisho inapita mkoani, wilayani na kwenye kata, ikigongwa mihuri, mpaka inamfikia mtendaji wa mtaa. Wote hao wana uwezo wa kumzuia, na wote wanapewa nakala. Barua inakomea kwenye faili la mtendaji, hatua chache tu kabla ya benchi wanapoketi wale watakaoandikwa.

Niliwahi kumsaidia mtafiti mmoja aliyefuata njia hiyo. Kwa miezi miwili tulicheza drafti kwa vizibo vya soda na wazee wa kijiwe kimoja cha kahawa, naye kila baada ya muda alikuwa akijitenga na kuandika kwenye simu kana kwamba anajibu ujumbe. Ripoti ilipotoka, fundi baiskeli mmoja alikuwa amebadilishwa jina, lakini ufundi wake, mwarobaini anaofanyia kazi chini yake na deni alilotusimulia usiku mmoja vyote vilikuwemo. Ndugu yake anayesoma chuoni aliisoma, akamtambua. Mzee aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, kumbe ulikuwa unanisikiliza au ulikuwa unaniandika?” Nilimwomba radhi, naye akaninunulia kahawa kama kawaida yake, ila tangu siku ile, nikifika pale, wanazungumzia mpira tu.

Kilichoharibika pale ni heshima ya mzee pamoja na elimu yenyewe, kwa sababu mtafiti atakayefuata atakuta milango imefungwa. Tena kujificha hakukuwa na ulazima. Mwanasosholojia William Foote Whyte, aliyechunguza vijana wa vijiweni katika mtaa wa Waitaliano wa North End, Boston, kuanzia mwishoni mwa 1936, alijulikana mtaani kuwa ni mtu anayeandika kitabu juu yao, na hata hivyo waliendelea kuishi mbele yake, kwa kuwa alikuwa amekaa nao kwa muda mrefu. Hapa kwetu, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini, aliishi Bunju, karibu na Dar es Salaam, miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960, na baadaye, kuanzia 1975, mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo ukawafanya wanakijiji kuwa washiriki wa utafiti. Mtu anaweza kukuigizia kwa wiki moja; kuigiza kwa miezi minane, wakati wa njaa, misiba na harusi, hakuna anayeweza. Dawa ya maonyesho ni muda, na muda ndio unaokwepwa na wanaoona kujificha ni rahisi.

Hata hivyo sisemi kwamba fomu ya ridhaa inatosha. Wazee wengi wanaogopa kutia sahihi, na wana sababu: wapo waliopoteza shamba kwa karatasi ambayo hawakusomewa. Ridhaa ya mdomo, iliyotamkwa mbele ya wenzao, na daftari linaloonekana juu ya meza, ina maana zaidi kuliko dole gumba la wino. Ningependa pia mtafiti, kabla hajaondoka, amsomee kila aliyeandikwa yale yanayomhusu, ili aseme kipi kitoke. Anayehesabu tu abiria wanaopanda pantoni ya Kigamboni, bila jina la mtu wala siri yake, simdai hayo.

Ninapositasita ni mahali pamoja. Mtafiti anayetaka kujua jinsi rushwa inavyoombwa barabarani hawezi kumwambia anayeipokea kwamba anamwandika. Je, kumficha mwenye mamlaka ni sawa na kumficha fundi baiskeli? Naelekea kusema si sawa, lakini dereva aliyetoa fedha naye yumo katika maandishi hayo, na anaweza kuumia. Karibuni mchangie, hasa ninyi ambao mmewahi kuandikwa na mtafiti, kwa kuwa ninyi ndio nisiowasikia kabisa katika mabishano haya.