Mjadala: Gemu uliyoinunua ikizimwa, kampuni ina haki ya kuondoka nayo?

Mleta mada:
Wakuu, nalileta hili nikiwa na upande, sitajifanya refa. Kampuni ikikuuzia gemu kwa bei kamili, siku ikichoka kuendesha seva, yaani kompyuta zake ambazo gemu inaziunganikia kwa intaneti, iiache gemu ikiwa inachezeka. Seva wazime, sina neno.

Kwa ambao hawakufuatilia: Ubisoft, kampuni ya gemu ya Ufaransa, walitoa The Crew Desemba 2014, gemu ya magari yenye ramani ya Marekani nzima iliyofinywa. Ina kisa cha kuchezwa na mtu mmoja, lakini hata ukiendesha peke yako ilikuwa lazima uwe hewani kwenye seva zao. Desemba 2023 wakaacha kuiuza, na Machi 31, 2024 wakazima seva. Mwenye diski mkononi anaiweka, inawaka, inatafuta seva, haioni, mchezo umeishia hapo. Wiki chache baadaye watu wakakuta hata leseni, yaani ruhusa ya kuicheza, imeondolewa kwenye akaunti zao.

Ndipo Ross Scott, Mmarekani mwenye chaneli ya Accursed Farms, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games. Ikazaa ombi rasmi la wananchi kwa Umoja wa Ulaya. Kizingiti ni saini milioni 1. Zilizohakikiwa zimefika karibu milioni 1.3. Anayesema hizi ni kelele za watoto aanze na namba hiyo.

Karibuni. Matusi muyaache nje.

Mpiga Debe:
Mkuu, si ulibonyeza "nakubali"? Nani alikushika mkono? Umekata tiketi, umecheza miaka tisa na ushee, mechi imeisha, uwanja unafungwa. Unataka ulale uwanjani?

Mleta mada:
Tiketi ina tarehe, ndugu yangu. Niambie tarehe ya The Crew iliandikwa wapi siku watu wanalipa. Kuna wachezaji wawili walifungua kesi California Novemba 2024, wakaonyesha kuwa msimbo wa kufungulia gemu uliokuwa ndani ya boksi umeandikwa unaisha mwaka 2099. Mimi nikisoma 2099 sielewi 2024.

Halafu kama kila mtu alielewa alichokubali, California walitunga sheria ya nini? AB 2426, imesainiwa Septemba 2024, imeanza 2025: ukimwambia mteja "nunua", umweleze waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Steam, duka la gemu la mtandaoni, hawakusubiri, Oktoba 2024 walishaweka maelezo hayo pale pa kulipia. Maandishi yale madogo yalikuwepo miaka yote. Hakuna aliyeyasoma, na walioyaandika walilijua hilo.

Fundi wa Kodi:
Naandika programu, si za gemu, ila seva ndiyo ugali wangu. Watu mnadhani seva ni faili moja, unaipakia kwenye flashi unampa mtu. Kuna mfumo wa akaunti, kuna hifadhidata, kuna wa kukutanisha wachezaji, na vipande vingine kampuni yenyewe imevikodi kwa watu. Ukigawa, unagawa mali ya wenyewe. Magari na muziki navyo ni leseni za muda. Na huyo kijana atakayeendesha seva yake chumbani, data za wachezaji akizimwaga nani anabeba lawama? Chama cha kampuni za gemu Ulaya, Video Games Europe, walilisema hilo Julai 2025, na hapo hawakusema uongo. Studio ya watu wanne itakufa kwa masharti kama haya.

Mleta mada:
Hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri, asante fundi. Naanza na leseni za magari. Forza Horizon 4 imejaa magari ya kampuni za watu. Desemba 2024 Microsoft waliitoa sokoni, lakini aliyekuwa ameinunua anaendelea kuicheza. Leseni ikiisha, wanaacha kuuza. Hawaji kuchukua nakala yako.

Vipande vya kukodi: ni kweli kwa gemu iliyokwisha kujengwa. Ndiyo maana kampeni haidai kufufua za zamani, inazungumzia zijazo. Ukijua tangu siku ya kwanza kwamba siku moja utaiachia, unaijenga ukijua hivyo. Na studio ndogo ndizo zimeonyesha njia. Knockout City ilifungwa Juni 2023, Velan Studios walioitengeneza wakatoa toleo la kompyuta ambalo mtu anaanzisha seva yake mwenyewe.

Chekesho ni Ubisoft wenyewe. Baada ya zogo lote hilo, Oktoba 2025 waliipa The Crew 2 namna ya kuchezwa bila intaneti. Na ile ya kwanza, mashabiki walishatengeneza seva yao Septemba mwaka huohuo, bila msaada wa kampuni. Kwa hiyo neno "haiwezekani" tulitoe mezani. Tubaki na "hatutaki kugharamia", hilo nitalijadili.

Ninapokubaliana nawe ni gemu za kulipia kwa mwezi, mfano World of Warcraft. Umelipa mwezi, umepata mwezi, hakuna aliyekuibia.

Mzee wa Pedi:
Mimi nina banda la gemu, niseme ya bandani. Runinga mbili, pedi nne, moja kitufe cha kupigia pasi kimelika mpaka vijana wanaipigania wasiipate. Kinacholipa bili hapa ni PES ya zamani, gemu ya mpira, haina habari na intaneti. Konami waliiacha kitambo wakahamia eFootball, lakini vijana wanaibadilisha wenyewe, wanaweka jezi mpya za Simba na Yanga. Sasa oneni maajabu: aliye na nakala ya kuchakachua hajapoteza kitu, anacheza mpaka kesho. Aliyenunua kihalali, akalipia na bando la kuishusha, ndiye anayefungiwa. Halafu mnatuhubiria tuache za kuchakachua.

Binti Kisauni:
Kwetu Kenya Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na taarifa za kutosha kuihusu. Maneno mazuri. Lakini nani ataipeleka mahakamani kampuni ya Ufaransa kwa ajili ya gemu ya shilingi elfu chache? Tunawasubiri Wazungu watushindie, tunufaike kwa mgongo wao, kwa sababu hakuna atakayetengeneza toleo la Mombasa peke yake.

Fundi wa Kodi:
Sawa, tuseme nimekubali nusu. Mkurugenzi wa huduma za kulipia kwa mwezi wa Ubisoft, Philippe Tremblay, alisema Januari 2024 kwamba wachezaji itabidi wazoee kutomiliki gemu. Mlimtukana, lakini alieleza biashara inakokwenda. Na eFootball ni ya bure. Mtu ameweka hela zake humo ananunua sarafu apate wachezaji. Ikizimwa, alikuwa amenunua nini?

Mleta mada:
Wakizoea wao kwanza kutoza bei ya kukodi, na mimi nitazoea. Sarafu za eFootball ni ngumu zaidi, kwa sababu gemu yenyewe hukuilipia. Msimamo wangu kwa sasa: kampuni iache kuuza sarafu miezi kadhaa kabla ya kuzima, na aliyenunua karibuni arudishiwe hela. Kikosi chenyewe sidhani unaweza kukidai. Mzee wa Pedi, vijana wako wanaonunua sarafu kwa simu wanasemaje?

Mzee wa Pedi:
Wanasema kampuni haiwezi kuzima. Nikawauliza kwa nini. Wakasema kwa sababu wameshaweka hela nyingi.