Naomba ushauri: niendelee na JavaScript au nihamie PHP?

Habari zenu, ndugu zangu. Huu ni mwezi wa nne tangu nianze kujifunza kutengeneza tovuti. HTML na CSS nimezielewa kiasi cha kupanga ukurasa unaosomeka vizuri hata kwenye simu, lakini JavaScript, lugha ya programu inayoufanya ukurasa utende kazi kama kupiga hesabu, bado inanisumbua. Wiki iliyopita nilitengeneza fomu ya duka la mama, inayojumlisha bei ya bidhaa na gharama ya kuifikisha kwa mteja, na badala ya 1500 na 500 kunipa 2000, ikaniletea 1500500. Nilihangaika hadi usiku wa manane ndipo nikagundua kwamba anachoandika mtu kwenye fomu huchukuliwa kuwa maandishi, hivyo alama ya kujumlisha huyaunganisha tu, mpaka uyageuze kwanza kuwa namba kwa Number(). Kuzidisha, cha ajabu, kulikuwa kunakubali bila tatizo.

Sasa nataka oda za wateja zihifadhiwe kwenye kanzidata. Je, nijifunze Node.js, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ili nibaki na lugha hii moja, au PHP, lugha nyingine ya programu ya upande wa seva, ambayo huduma nyingi za bei nafuu za kuhifadhi tovuti huwa tayari zinayo? Ningependa hasa kuwasikia waliojifunza kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4 na bando dogo la intaneti kama mimi.